Kurejesha maji ya kuoshea vichujio kwa kutumia tando: mwongozo kamili

Kila kichujio cha mchanga lazima kioshwe. Baada ya saa 24 hadi 72 za kazi nafasi kati ya chembe zake huwa zimejaa tope, maji yanapita kwa shida, na mwendeshaji hana budi kusukuma maji safi kutoka chini kwenda juu ili kuung'oa uchafu. Maji yanayotoka hapo, ambayo kwa mitambo mingi ni kati ya asilimia 2 na 5 ya uzalishaji wote, huishia mtaroni au bwawani. Na hayo ni maji yaliyokwisha kuvutwa na pampu, kutiwa dawa na kuchujwa. Gharama yake imeshalipwa.

Kuyarudisha mwanzoni mwa mtambo yalivyo ndiyo njia rahisi, na ndiyo ya hatari. Kichujio kimekusanya vimelea vya siku nzima au zaidi. Ukikiosha, vyote vinatoka pamoja ndani ya dakika chache. Mwaka 1993 mji wa Milwaukee, Marekani, ulikumbwa na mlipuko wa Cryptosporidium, kimelea kinacholeta kuhara, uliokadiriwa kuwafanya watu wapatao 403,000 waugue. Mtambo uliohusishwa na mlipuko huo ulikuwa ukirudisha maji ya kuoshea vichujio. Haikuwa sababu pekee, lakini tangu hapo hakuna mhandisi makini anayelichukulia jambo hili kijuujuu. Mwaka 2001 Marekani ilitoa kanuni maalumu: maji ya namna hiyo yakirudishwa, yapitie hatua zote za mtambo, yasiingizwe katikati.

Hapo ndipo utando, yaani ngozi nyembamba ya kuchujia yenye matundu madogo mno, unapoingia. Vifuko vya Cryptosporidium vina upana wa mikromita 4 hadi 6 na havitishiki na klorini ya kawaida. Matundu ya utando wa UF (ultrafiltration, aina inayotumika kwa kazi hii) ni mikromita 0.01 hadi 0.1. Utando ukiwa mzima, kimelea hakina pa kupita.

Wengi huanza kwa kuuliza wanunue utando gani. Hilo ni swali la baadaye. Utando hudumu au hufa kutokana na yaliyofanyika kabla maji hayajaugusa: dawa zilizotiwa mwanzoni mwa mtambo, namna mtiririko ulivyosawazishwa, na takataka gani ziliachwa zipite. Ndiyo maana nusu ya mwongozo huu haizungumzii utando wenyewe.

Kabla ya yote: unauhitaji kweli?

Kama maji ghafi ni tele, mamlaka inakuruhusu kumwaga, na chanzo chako hakina historia ya vimelea, tanki zuri la kutuamisha linaweza kukutosha, na ni rahisi zaidi kulitunza. Utando unalipa pale ambapo maji ghafi ni haba au ghali, umwagaji umekatazwa, eneo ni dogo, au hutaki kabisa kucheza na vimelea. Piga hesabu hii kwanza, tena kwa ukali.

Hatua ya 1: Lijue tope lako

Simama kwenye mfereji wa kichujio siku ya kuosha ukiwa na chupa tupu zilizoandikwa namba. Chota moja kila dakika, tangu maji yanapoanza kumwagikia mferejini hadi uoshaji uishe. Zipange mezani kwa mfuatano. Chupa ya kwanza mara nyingi ni nyeupe tu, kwa kuwa ni maji yaliyokuwa yamekaa juu ya mchanga. Ya pili na ya tatu ni kahawia nzito, madonge yanaelea ndani yake na kuanza kushuka ungali unaitazama. Kuanzia ya sita hivi rangi inafifia. Picha hiyo ya chupa kumi itakufundisha mengi kuliko wastani wowote ulioandikwa kwenye ripoti, na pengine itakuonyesha kwamba dakika mbili za mwisho za kuosha ni maji yanayopotea bure. Kufupisha uoshaji ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote ya kuokoa maji.

Rudia zoezi hilo kwa vichujio tofauti, wakati wa kiangazi na wakati wa mvua. Kisha pima:

- kiwango cha tope (NTU) na chembe ngumu zinazoelea, ambazo kwa wastani wa uoshaji mzima mara nyingi huwa miligramu 50 hadi 400 kwa lita
- alumini au chuma, kutegemea dawa unayotumia, pamoja na manganizi
- kaboni ya kioganiki, pH, joto la maji na klorini iliyobaki
- mazao ya klorini kama klorofomu, ikiwa unaosha kwa maji yenye klorini

Metali na kaboni zipime mara mbili: maji yakiwa yalivyo, na tena baada ya kuyapitisha kwenye karatasi ya kuchujia ya mikromita 0.45. Kilichopita karatasi hiyo kimeyeyuka au kinakaribia kuyeyuka, na sehemu yake kubwa itapita kwenye utando pia. Watu hulisahau hili. Utando wa UF huzuia chembe, bakteria na vimelea. Manganizi iliyoyeyuka, klorofomu na sumu za mwani zilizoyeyuka hupita kwenye utando huo ukitazama.

Hatua ya 2: Shughulikia polima kabla haijakushughulikia

Kama ningepewa nafasi ya kukagua jambo moja tu kwenye mtambo unaotaka kufunga tando, ningeomba daftari la dozi za polima. Shabu na dawa nyingine za alumini au chuma, zinazokusanya tope liwe madonge, hazinipi wasiwasi mkubwa. Madonge yake hukaa juu ya utando kama tabaka legevu, na maji ya kurudisha nyuma yakisaidiwa na hewa hulibandua. Polima zenye chaji chanya, zinazoongezwa kusaidia madonge kushikana, ni habari nyingine. Tando nyingi zina chaji hasi kidogo. Polima iliyobaki majini bila kushika tope huvutwa na utando, ikaunata, na kuna aina ambazo hata usafishaji wa kemikali hauziondoi vizuri. Utaona uwezo wa utando ukishuka wiki hadi wiki na usirudi.

Fanya kipimo hiki cha mezani. Chukua ndoo ya maji ya kuoshea, igawe kwenye mitungi mitano, na uongeze polima unayotumia kuanzia sifuri, ukipanda kidogo kidogo hadi kupita dozi yako ya kawaida. Pitisha nusu lita ya kila mtungi kwenye karatasi mpya ya mikromita 0.45 kwa pampu ya kuvuta hewa, presha ikiwa ileile, na uandike muda. Kwa kawaida muda hupungua kwanza, kwa kuwa madonge yameungana, halafu unapita mahali fulani na kuanza kurefuka. Hapo ndipo polima imebaki bila kazi. Dozi yako halisi iwe chini ya hapo kwa umbali unaoeleweka. Kama haiwezekani, badilisha polima au iache kabisa kwenye matangi yanayolisha tando.

Muulize mtengenezaji wa utando kwa maandishi ni polima zipi anazikubali. Jibu la mdomo halitakusaidia siku ya kudai dhamana.

Hatua ya 3: Sawazisha mtiririko

Tuchukue mtambo wa mfano. Una vichujio 8, kila kimoja meta za mraba 50, vikichuja kwa meta 6 kwa saa, yaani meta za ujazo 6 kwa kila meta ya mraba kwa saa. Uzalishaji ni meta za ujazo 2,400 kwa saa, yaani 57,600 kwa siku. Kila kichujio huoshwa mara moja kwa siku kwa kasi ya meta 40 kwa saa kwa dakika 10.

Uoshaji mmoja hutoa 50 × 40 × 10/60, yaani meta za ujazo 333. Vichujio vinane hutoa 2,667 kwa siku, ambayo ni asilimia 4.6 ya uzalishaji.

Sasa tazama upande wa pili. Wakati kichujio kinaoshwa, maji machafu yanatoka kwa kasi ya meta za ujazo 2,000 kwa saa. Ukiyarudisha moja kwa moja, unauongezea mtambo mtiririko wa asilimia 83 kwa dakika kumi, nao haukujiandaa: dozi za shabu zinakosea, matanki ya kutuamisha yanavurugika. Yakisambazwa kwa saa 24, ni meta za ujazo 111 kwa saa, chini ya asilimia 5. Kanuni inayotumika sana ni kutozidisha asilimia 10 ya mtiririko wa mtambo kwa wakati wowote.

Kwa hiyo jenga tanki la kusawazisha. Lichukue angalau maji ya kuosha vichujio viwili mfululizo, pamoja na yale ya kwanza yanayotupwa kichujio kinaporudi kazini. Kwa mfano wetu hiyo ni meta za ujazo 700 hivi, nami ningeenda 1,000, kwa sababu siku ya mvua kubwa vichujio vitatu vitataka kuoshwa ndani ya saa moja na hakuna atakayekuuliza ratiba yako.

Litikise au liache lituame? Hapa mafundi hubishana, na kila upande una hoja. Ukiliacha lituame, unapunguza mzigo wa chembe. Lakini madonge makubwa siyo adui mkuu wa utando. Adui ni chembe zenye ukubwa unaokaribia tundu, zinazoingia na kukwama. Madonge yakitangulia kushuka, hizo ndizo zinazobaki. Mimi huelekea kulitikisa taratibu na kupeleka kila kitu kwenye tando zilizozamishwa, na kutuamisha kwanza pale tu ambapo tando ni za ndani ya bomba la presha (aina zote mbili zimeelezwa kwenye Hatua ya 5). Vyovyote iwavyo, usiruhusu matope yakae chini siku nyingi. Hewa ikiisha humo, manganizi na chuma vitayeyuka tena na kurudi na maji.

Na pampu ya kutoa maji kwenye tanki iwe ya mwendo wa pole. Pampu ya kasi huyasaga madonge yaleyale uliyolipa shabu kuyatengeneza.

Hatua ya 4: Zuia mchanga

Kila uoshaji hubeba punje chache za mchanga au anthrasaiti (makaa magumu ya kuchujia), na bomba la chini la kichujio likivunjika hubeba nyingi. Punje moja ikizungushwa na hewa ndani ya tanki la tando ni kisu. Weka chujio la waya linalojisafisha lenyewe, matundu yake nusu milimita au madogo zaidi kwa kadiri mtengenezaji wa utando anavyotaka. Mara moja kwa wiki fungua mahali linapomwaga takataka, uzimwage kwenye sahani nyeupe na uzitazame. Mchanga ukianza kuongezeka, tatizo haliko kwenye tando. Kuna kichujio kinachopoteza tabaka lake. Wanaotumia unga wa mkaa amilifu nao wawe macho, kwa kuwa nao hukwaruza.

Hatua ya 5: Chagua utando na ukokotoe eneo

Kwa kazi hii tando nyingi ni nyuzi nyembamba zilizo wazi ndani, maji yakipenya kutoka nje kwenda ndani. Kuna zilizozamishwa kwenye tanki wazi na kuvutwa na pampu, na kuna zilizofungwa ndani ya mabomba na kusukumwa kwa presha. Za kuzamishwa huvumilia tope zito na huonekana kwa macho zikipata shida. Za bomba huchukua nafasi ndogo na ni rahisi kuzitenga, ila hazipendi maji mazito. Upande wa malighafi, plastiki aina ya PVDF hustahimili klorini vizuri lakini huumizwa na magadi makali; ile ya PES hustahimili pH pana zaidi, klorini kidogo.

Tuendelee na mfano. Tuseme mfumo unarejesha asilimia 92 ya maji yanayoingia: 2,454 zinatoka safi kwa siku na 213 zinabaki na uchafu. Safi ni meta za ujazo 102 kwa saa. Kasi ya upenyaji tuichukue lita 40 kwa meta ya mraba kwa saa. Ukitoa muda wa kujisafisha na kupimwa, pamoja na maji yanayotumika kurudishwa nyuma, inabaki 33. Gawanya lita 102,000 kwa 33: meta za mraba 3,100 hivi.

Usinunue hizo tu. Gawa mfumo katika safu nne ambazo tatu zake zinatosha kubeba mzigo, kila safu ikiwa na meta za mraba 1,030. Jumla 4,120. Safu moja itakuwa kwenye usafishaji au matengenezo mara nyingi kuliko mchuuzi anavyokuambia.

Kisha angalia uzito wa maji yanayobaki. Chembe za miligramu 200 kwa lita, zikikusanywa mara 12.5, zinakuwa 2,500. Ukitaka kurejesha asilimia 96 zinakuwa 5,000, na asilimia 98 ni 10,000. Asilimia za mwisho ndizo ghali. Mchuuzi hupenda kuzitangaza. Wewe uliza utando utaishije ndani ya tope la namna hiyo.

Usisahau joto. Maji ya nyuzijoto 10 ni mazito kiasi kwamba kwa presha ileile utando hupitisha takriban theluthi mbili tu ya unachopata kwenye nyuzi 25. Kokotoa kwa siku ya baridi kuliko zote.

Hatua ya 6: Jaribu kwa mtambo mdogo

Namba zote hapo juu ni za kuanzia mazungumzo. Funga kifaa kidogo chenye utando halisi, ukilishe maji yako, na ukiache kifanye kazi kwa miezi, si wiki, kikipita msimu wa tope na msimu wa mwani. Panda kasi ya upenyaji kwa ngazi: 25, 30, 35, 40, ukikaa kila ngazi siku za kutosha kuona mwelekeo. Kinachotafutwa ni ngazi ambayo presha inayohitajika hubaki tulivu kati ya usafishaji mmoja na mwingine. Chagua ngazi moja chini ya ile iliyoanza kusumbua.

Hatua ya 7: Uendeshaji wa kila siku

Mzunguko wa kawaida ni dakika 20 hadi 60 za kuchuja, kisha sekunde 30 hadi 60 za kurudisha maji nyuma huku hewa ikizitikisa nyuzi. Maji mazito hutolewa chini ya tanki, ama kidogo kidogo ama kwa kulimwaga tanki zima kwa vipindi.

Usafishaji mwepesi wa kemikali hufanywa kila siku chache: haipokloraiti ya sodiamu ya miligramu 100 hadi 200 kwa lita, dakika 15 hadi 30. Usafishaji mzito huja kila mwezi hadi miezi mitatu: haipokloraiti ya 500 hadi 1,000 kwa saa kadhaa kwa ajili ya uchafu wa kioganiki, kisha asidi ya sitriki ya asilimia 1 hadi 2 kuyeyusha alumini, chuma na manganizi. Kati ya hizo mbili, suuza hadi kipimo kionyeshe klorini imekwisha. Asidi ikikutana na haipokloraiti hutoa gesi ya klorini, ambayo inaua. Mabomba na matangi ya dawa hizi yatenganishwe kabisa, na viunganishi vya kujazia viwe vya umbo tofauti ili hata mtu aliyechoka saa nane za usiku asiweze kukosea.

Andika kila siku presha, mtiririko na joto, na ukokotoe upenyaji uliorekebishwa hadi nyuzijoto 20. Bila marekebisho hayo utasafisha tando kwa sababu tu asubuhi ilikuwa na baridi.

Hatua ya 8: Thibitisha utando ni mzima

Kila utakachodai kuhusu usalama wa maji haya kinasimama hapa. Mara moja kwa siku kila safu ijazwe hewa upande mmoja, vali zifungwe, na presha itazamwe kwa dakika kama tano. Utando mzima ukiwa umelowa hauipitishi hewa. Presha ikishuka zaidi ya kikomo kilichokokotolewa kwa tundu la mikromita 3, kuna uzi uliokatika au kiungo kinachovuja. Kwenye tando zilizozamishwa utaona mahali penyewe: mstari wa mapovu madogo ukipanda kutoka sehemu moja bila kukoma. Inua kasha hilo, tafuta uzi, uzibe ncha zake kwa pini au gundi maalumu, urudishe na upime upya.

Kati ya vipimo hivyo, mita ya tope isomeke bila kukoma kwa kila safu peke yake, si kwa maji yaliyochanganyika. Kikomo cha NTU 0.15 kwa zaidi ya dakika 15 ndicho kinachotumika Marekani kulazimisha kipimo cha hewa papo hapo, na ni kikomo kizuri kuiga.

Hatua ya 9: Maji safi yaende wapi, na mabaki yaende wapi

Hata yakiwa na NTU 0.05, maji yaliyopenya yapeleke mwanzoni mwa mtambo, kabla ya kutiwa shabu, isipokuwa mamlaka imekubali njia nyingine kwa maandishi. Unapata kizuizi cha pili bila gharama ya maana, na vitu vilivyoyeyuka vinapata nafasi nyingine ya kuondolewa. Fuatilia manganizi na kaboni ya kioganiki kwa miezi ya mwanzo, kwa kuwa kilichoyeyuka na kurudishwa kila siku kinaweza kujirundika taratibu.

Mabaki ya mfano wetu, meta za ujazo 213 kwa siku, yana kilo 533 za chembe kavu. Yakikazwa hadi asilimia 2.5 yanabaki meta za ujazo 21 hivi za matope ya kukaushwa. Maji ya juu ya tanki la kukazia yarudi kwenye tanki la kusawazisha, yasirudishwe moja kwa moja mwanzoni mwa mtambo, la sivyo umewafungulia vimelea mlango wa nyuma. Maji ya usafishaji wa kemikali yatenge kabisa: ua klorini, sawazisha pH, yaondoke kwa njia yake.

Mwisho, weka vali ya kugeuza kwenye bomba la kurudisha, inayofunguka yenyewe kuelekea kwenye utupaji pale tope linapovuka kikomo, kipimo cha hewa kinaposhindwa, mtiririko wa kurudi unapopita asilimia 10, au mita inapokosa umeme. Ijaribu kila mwezi kwa kuzima mita kwa makusudi, na aliyeijaribu asaini kwenye daftari la zamu.